Saa ya Kwanza Nyumbani kwa Mwanafunzi

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika ibara ya 43 ya Katiba yetu, ilianza kutekelezwa mwezi Septemba 2019. Watoto wameitikia wito, na madarasa yamejaa. Ndiyo maana mzazi wa Baraka au wa vijiji vya Fizi, akipata kitu kidogo kutokana na ndagala au muhogo, humtafutia mtoto mwalimu wa jioni, hasa mtihani wa mwisho wa mwaka wa sita unapokaribia.

Vijana wetu wanaoifanya kazi hiyo wana nia njema. Lakini wengi huianza hivi: daftari hufunguliwa, swali huulizwa kwa Kifaransa, mtoto hunyamaza, kisha mwalimu humgeukia mama na kusema, «Huyu hajui kitu.» Mtoto amesikia. Kesho yake atajificha ziwani, na fedha ya mama imekwisha kutoka.

Naona saa ya kwanza isiwe ya mtihani, bali ya kutafuta shida ilipo. Tuchukue kugawanya. Mtoto anayeshindwa kuandika 24 kugawanya kwa 4 huenda ndiye anayempangia mama yake mafungu ya ndagala sokoni. Mpe punje 24 za mahindi, umwambie kwa Kiswahili au Kibembe awagawie watu 4 sawasawa. Akiweza, kinachomtatiza ni Kifaransa, au namna ya kuandika hesabu. Asipoweza, shida iko chini zaidi, katika maana yenyewe ya kugawa. Ni magonjwa mawili tofauti. Mwalimu asiyeyatenganisha atatwanga maji kinuni mwezi mzima.

Wako watakaonijibu kwamba mtihani huandikwa kwa Kifaransa. Ni kweli, na Kifaransa kifuate palepale, neno moja moja, punje zikiwa bado mezani. Hata sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazikubali lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa chombo cha kufundishia.

Wala jambo hili si jipya katika Kanisa. Karibu na mwaka 400, Deogratias, shemasi wa Karthago, alimlalamikia Mtakatifu Augustino kwamba mafundisho yake kwa wanaoanza yanamchosha yeye mwenyewe na wasikilizaji. Augustino alimwandikia kitabu kizima. Humo anashauri tujue kwanza kilichomleta msikilizaji, na aliyechoka kusimama apewe kiti. Kiti! Askofu mwenye elimu kubwa vile hakuona haya kuandika habari za kiti.

Malipo yapatanwe na wazazi mapema, mtoto asiwepo. Somo lifanyike barazani, mbele ya macho ya watu wa nyumbani, kamwe si chumbani mlango umefungwa. Hapo sina mjadala. Na mwalimu asimtoze mtoto yuleyule anayemfundisha asubuhi darasani. Najua mshahara unavyochelewa, lakini mlango huo ukifunguka, somo la asubuhi litafupishwa ili la jioni liuzwe.

Saa ikiisha, mama atauliza tu habari za mtoto wake. Aambiwe, mtoto akisikia: «Kugawa anajua, Mama, nimemwona. Kesho tutaanza na kuliandika.»