Ukimaliza kurekodi Halloween Kisii, nani anabaki mchawi?

Kwa wanaofanya kazi ya filamu, Halloween haina likizo. Tarehe 31 Oktoba ikikupata kwenye seti, sherehe inafanyika papo hapo. Mpambaji anakuchora jeraha shingoni kabla ya chai ya saa nne, jamaa wa taa anatembea na meno ya plastiki mdomoni, na picha ya kikosi kizima inaingia Instagram kabla hata kamera haijawashwa. Desturi hii tumeiokota kwa Wamarekani. Kijana wa kamera wa Suneka au Keroka anayefuata kurasa hizo hizo akitamani kuijaribu na wenzake, sioni ajabu.

Najua wahubiri watasema nini. Kisii na Nyamira ni ngome ya Waadventista na Wakatoliki, na kila Oktoba utasikia kwamba Halloween ni ibada ya shetani. Jina lenyewe linatokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ile ya Novemba 1 ambayo Wakatoliki wetu huiadhimisha. Sherehe ilivuka bahari na wahamiaji wa Ireland, ambao kwao walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu kabla ya kukutana na maboga ya Marekani. Mjadala wa shetani tuwaachie wenye mimbari. Mimi hofu yangu iko kwingine.

Oktoba 17, 2021, Marani, Kaunti ya Kisii. Wanawake wanne, wengi wao wazee, waliuawa na kundi la watu waliowasingizia kwamba wamemroga kijana mmoja. Hesabu mwenyewe: zilibaki siku 14 kufika Halloween. Wakati vilabu vya Nairobi vikitangaza usiku wa wachawi na mavazi meusi, familia nne Marani zilikuwa kwenye matanga.

Na hilo halikuwa jambo la mara moja. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa Kisii kwa madai hayo hayo, wengi wao wanawake wa umri mkubwa. Nyuma zaidi, kati ya 1992 na 1994, kulikuwa na wimbi la mauaji lililomfanya msomi Justus Ogembo aandike kitabu kizima kuhusu usakaji wa wachawi katika jamii ya Abagusii.

Sasa, kofia ndefu yenye ncha na ufagio wa kupaa havimtishi mtu Nyamira. Ukipita navyo stejini watu watacheka, watakuuliza umetoka shule gani ya drama. Tatizo linaanza pale kikosi kinapotaka kuifanya Halloween iwe yetu. Ni wazo zuri kisanii, na ndilo linalonipa wasiwasi.

Chukua mfano wa moto. Robert na Barbara LeVine, watafiti waliokaa Gusii katika miaka ya 1950 kwenye kijiji walichokiita Nyansongo, waliandika jinsi watu walivyoamini kwamba wachawi hukimbia usiku wakiwa na chungu chenye moto, wakifunua na kufunika ili mwanga uwake na kuzimika. Mtu yeyote wa kamera akisoma hapo anaiona shoti tayari: mlima, giza, kijinga cha mwanga kinachopepesa kati ya migomba. Inapita boga lolote la Marekani. Lakini jirani aliye ng'ambo ya bonde hasomi karatasi zako za ratiba. Anaona moto unaotembea saa sita usiku, na kesho yake anauliza ulikuwa ukitokea boma la nani.

Halafu kuna swali la nani anaigiza. Msichana wa miaka 22 aliyepakwa uso mweupe atanawa na kupanda matatu kurudi chuoni. Ila vikosi vyenye bajeti ndogo havina mpambaji wa kumzeesha mtu, kwa hivyo mwelekezi anafanya hesabu rahisi: nyanya wa jirani yupo, makunyanzi anayo, nyumba yake ya matope inapendeza kwenye kamera, na elfu moja itamtosha. Anaketi mlangoni, anaangalia kamera bila kucheka kama alivyoelekezwa, muziki wa kutisha unawekwa baadaye. Video ya dakika sita ina kicheko mwishoni. Kipande cha sekunde 15 kinachozunguka WhatsApp hakina kicheko. Kina uso wake, mlango wake, na neno omorogi.

Kumbuka pia eneo lenyewe. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu milioni 1.2 Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa mpaka mengine ni vipande vya kupanda migomba michache. Mjane mzee aliyebaki kwenye kipande chake kati ya wapwa na mashemeji huwa tayari na watu wanaomhesabia miaka. Mtu wa namna hiyo hahitaji ushahidi mkubwa dhidi yake. Video ya kuchekesha inaweza kutosha.

Mtaniambia natia chumvi, ni sanaa tu. Sawa, ila Nigeria iliwahi kuonja. Filamu ya End of the Wicked ya 1999, iliyotokana na huduma ya kanisa, ilionyesha watoto wakiwa wachawi wanaokula familia zao. Watetezi wa haki za watoto wameilaumu kwa miaka kwa kuchochea watoto wa Akwa Ibom kufukuzwa na kuteswa na wazazi wao wenyewe. Waigizaji walivua mavazi. Watoto wa watu wengine ndio waliobaki nayo.

Na hapa Kenya tuna mfano wa upande wa pili. The Letter, filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Christopher King iliyotoka 2019 na kuiwakilisha Kenya kwenye mchujo wa Oscar, inamfuata kijana Karisa ambaye anagundua kupitia Facebook kwamba nyanya yake ameitwa mchawi. Anarudi nyumbani Pwani kuuliza maswali, na kamera inakaa na nyanya, jikoni na shambani, mpaka unaona kwamba kinachotafutwa ni ardhi. Inatisha kuliko filamu nyingi za Halloween nilizowahi kutazama, na hakuna aliyevaa kinyago.

Sheria haitakusaidia sana. Sheria ya Uchawi ya 1925 inafanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa, isipokuwa ukimpeleka kwa chifu au polisi. Ilitungwa na wakoloni, na sidhani kama iliwahi kuwazia video ya TikTok.

Sisemi kikosi cha Nyamira kisicheze Halloween. Kicheze! Natamani sana kuona filamu ya kutisha ya Kigusii iliyopigwa vizuri, yenye ukungu wa Manga asubuhi na lugha yetu bila aibu. Filamu ya Halloween ya John Carpenter, 1978, iliutisha ulimwengu kwa kinyago cha dukani kilichogharimu chini ya dola 2 na kupakwa rangi nyeupe. Hakuna mtu wa kijiji chochote anayefanana na kinyago hicho, na hapo pana somo kwa mwenye bajeti ndogo: zimwi unaweza kulibuni lisiwe na uso wa jirani.

Kama lazima mpige usiku, chifu, mzee wa kijiji na mabalozi wa Nyumba Kumi wajue mapema, na majirani waalikwe kutazama mkirekodi. Nyumba ya mtu isiwe pango la mchawi, hata mwenyewe akikubali, kwa sababu anayekubali leo ni yeye na atakayeulizwa miaka mitatu baadaye ni yeye vilevile. Vipande vya nyuma ya pazia, watu wakicheka wakivua nywele za bandia, viwekwe kwanza kabla ya vile vya kutisha. Na nyanya mkimtaka kwenye filamu, mpeni nafasi ya hakimu, ya mwalimu, ya yule anayebaki hai mwishoni.

Zile nywele nyeupe na gunia? Mwelekezi ana kichwa, avae yeye.