Ngoma Haichechemei, Ni Wewe Umeikata Vibaya

Nishachoka. Kila mara naletewa biti "ya kipwani" na prodyuza wa huku Likoni: kachukua sekunde chache za chakacha, kaziweka zijirudie dakika tatu, na kila zikirudi, tik! Ukimwambia, ajibu, "Bro, hakuna mtu atasikia."

Wasikia sana. Siku moja tukiwa tumekaa Shelly nilimchezea lupu yangu mzee mmoja mpigaji ngoma. Kwa simu tu, na mawimbi yapiga kelele. Mzunguko wa pili akauliza, "Kijana, huyu mpigaji mbona achechemea?" Mpigaji alikuwa yeye mwenyewe. Aibu ile sijaisahau.

Basi tuambiane ukweli. Tik si uchawi. Sauti ni wimbi. Ukikata mwisho wimbi likiwa juu na mwanzo likiwa chini, spika inaruka hapo kati. Ni kama feri yetu: mlango ukishuka usikae sawa na gati, tuktuk inaruka. Dawa ni kukata pale wimbi linapovuka mstari wa kati. Audacity ni ya bure. Chagua kipande, bonyeza Z, ncha zajisogeza zenyewe. Halafu hifadhi WAV. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, lupu ikatoboka.

Lakini tik ni kosa dogo. Kosa kubwa ni gridi. Programu nyingi ukizifungua zakupa hesabu ya nne. Kwa kasi ya 120, mapigo manne ni sekunde 2 kamili. Chakacha huhesabiwa kwa sita, na mpigaji hakufungwa saa kiunoni. Wachezaji wakichemka naye huchemka. Wewe wamburuta mpaka kwenye mstari wa gridi, kisha wasema yeye ndiye kachelewa! Hapana. Anza kwenye pigo zito, sikiza mpaka lirudi, kata hapo. Kisha fumba macho, sogeza nukta ya mwisho kidogo kidogo mpaka usijue lupu yaanzia wapi. Sekunde nne zaweza kunila nusu saa, na sijuti.

Najua mtakuja: "Uliacha chuo, leo wajifanya mwalimu." Kweli niliacha. Masikio sikuyaacha. Mwengine atasema kosa nalo ni ladha. Sawa, kama ulikusudia. Uvivu si ladha.

Watoto wengi hapa mtaani watakutana na ngoma hii kwenye simu kabla ya kuisikia harusini. Ukiwapa iliyovunjika, hiyo ndiyo watakayoijua, na wazee wa kuwasahihisha wazidi kupungua.

Kwa hivyo kabla hujaposti, mchezee mzee mmoja. Bega likimcheza, posti. Akikuuliza nani achechemea, rudi ukakate tena.