Kiyoyozi Katika Nyumba za Wazee Wetu

Wenzetu wa ughaibuni wanaojenga nyumbani, wawe wa Litembo na Mbinga mjini kwenye baridi ya milima au wa Liuli na Mbamba Bay kwenye joto la ufukoni, wameanza miaka hii ya karibuni kuwanunulia wazazi wao kiyoyozi cha ukutani, chombo chenye kipande kimoja ndani ya chumba na kingine nje, vikiunganishwa na mabomba mawili membamba ya shaba bila haja ya mifereji ya hewa darini. Na maadamu fedha itumikayo ni ya jasho, na wanaokusudiwa ni watu tuliolelewa mikononi mwao, jarida hili limeona ni faradhi kusema bayana kwamba kununua ni nusu ya kazi, na kwamba nusu ya pili, yaani siku ya kukiwasha mara ya kwanza na mazoea ya kukitumia baadaye, ndiyo ambayo aghalabu tunaiacha ijiendee.

Haja yenyewe ni ya kweli. Asiyepata kulala katika milima hiyo ya Umatengo mwezi wa Juni au Julai, ukungu ukiwa umetanda asubuhi juu ya mikahawa na mashimo ya kilimo cha ngoro, anaweza kudhani kwamba Tanzania yote ni nchi ya joto. Lakini wazee wetu wanajua, na kwa kuikimbia baridi hiyo wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, wakalala na kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumuua mtu usingizini kabla hajapata fahamu ya kuita. Kwa sababu hii sisi hatukihesabu chombo hiki katika mambo ya anasa. Fauka ya hayo, tangu njia ya umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, na majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiziwashia taa Songea na Mbinga yakapumzishwa, jambo ambalo wazazi wetu hawakulitaraji limekuwa la kuwezekana.

Kiyoyozi cha namna hii hakizalishi joto kwa waya mwekundu kama hita. Hulichukua joto lililomo katika hewa ya nje, ambalo halikosekani hata alfajiri ya baridi, kikalihamishia ndani kwa gesi inayozunguka mabombani, na siku za joto hugeuza mwendo huo na kulitoa nje joto la chumbani. Ndiyo maana uniti moja ya umeme, ambayo katika hita hutoa joto la uniti moja tu, hapa huweza kuleta joto la uniti tatu. Lakini viyoyozi vingi vinavyouzwa Dar es Salaam ni vya kupoza peke yake, na alama ya jua kwenye rimoti si ushahidi, kwa kuwa rimoti za namna moja hutiwa katika mashine za namna mbili. Anayejenga Mbinga na asome bamba lililobandikwa ubavuni mwa kipande cha nje, aone kama uwezo wa kupasha joto umeandikwa, kabla hajalipa. Na kama nyumba ni ya bati lisilo na dari, dari kwanza, kiyoyozi baadaye.

Sasa siku ya kuwasha. Fundi akishaunganisha mabomba, ndani yake imebaki hewa ya kawaida pamoja na unyevu wake, ilhali gesi ingali imefungiwa kwa vali katika kipande cha nje. Na hapa ndipo pa kumtambua fundi. Mwenye haraka hufungua vali kidogo, akaiacha gesi isukume hewa itoke, kisha hukaza nati na kudai ujira wake. Chumba kitapoa siku hiyo hiyo na kila mtu atamsifu, lakini unyevu uliosalia utachanganyika na gesi na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi, na mashine itakufa kabla ya ajali yake. Mwenye insafu huunganisha geji na pampu ya vakyumu, akaiacha ivute nusu saa au zaidi, sindano ikishuka chini ya sifuri hadi mwisho wake. Kisha huifunga geji, huzima pampu, akaketi kuitazama sindano ile. Ikipanda, kuna mahali panapovuja, na sharti arudie viungo kimoja kimoja; ikitulia pale pale, ndipo afungue vali. Mwambieni ndugu anayesimamia aipige picha sindano mara pampu inapozimwa, na tena baada ya dakika 15, awatumieni kwa simu. Kwa umbali tulio nao hatuoni ushahidi ulio bora kuliko huo.

Baada ya fundi kuondoka anabaki mama na rimoti. Anabonyeza mpaka alama ya jua inatokea, taa inawaka, na hewa haitoki, anangoja, haitoki, anazima, akiamini kwamba mwanawe ameibiwa. Hakuna aliyemweleza kwamba wakati wa kupasha joto feni ya ndani huzuiwa makusudi kwa dakika kadhaa hadi bomba lake lipate moto, ili mtu asipulizwe baridi, wala kwamba kompresa ikizimwa hungoja kama dakika 3 kabla ya kuanza tena. Hakuna aliyemweleza kwamba kuandika nyuzi 30 hakuharakishi joto hata kidogo, na kwamba nyuzi 20 au 21 zikiachwa usiku kucha bila kuguswaguswa hugharimu umeme kidogo kuliko kuwasha na kuzima mara kwa mara. Sisi tunaoishi penye theluji tumekwisha kuona kipande cha nje kikifuka mvuke na mashine ikinyamaza kwa muda ili kuyeyusha barafu iliyoganda juu yake. Mzee wa Litembo akiyaona hayo alfajiri moja ya Julai atadhani nyumba inaungua, na ni haki yake kuonywa mapema.

Kwa watu wa ufukoni maneno ni machache: alama ya theluji, nyuzi 25 au 26, madirisha yafungwe, pepeo za hewa zielekee juu, kwa kuwa hewa baridi hushuka yenyewe, kama ambavyo mlimani zielekezwe chini kwa kuwa ya moto hupanda. Ziwa Nyasa ni la maji matamu, hivyo kipande cha nje hakiliwi na chumvi kama kule Dar es Salaam. Lakini wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani mithili ya moshi na kuletwa pwani na upepo hujaza nafasi kati ya mapezi yake, na sharti kioshwe kwa maji yasiyo na nguvu, umeme ukiwa umezimwa. Chujio la ndani lioshwe kila baada ya wiki mbili, mlimani na ziwani.

Pamoja na toleo hili tumetia karatasi ya maelekezo haya kwa herufi kubwa, ibandikwe ukutani kando ya rimoti. Na katika nafasi tuliyoiacha wazi chini yake, kila mwanajumuiya aandike kwa mkono wake jina la fundi na nambari yake ya simu kabla ya kuituma nyumbani.