Hati ya Mkimbizi Iheshimiwe Mipakani

Mkimbizi ni mtu aliyekosa ulinzi wa serikali ya nchi yake. Hawezi kubisha hodi kwenye ubalozi wa watawala wanaomtesa ili aombe pasipoti. Hata akiipata na kuitumia, aweza kuhesabiwa kuwa amerudi chini ya ulinzi wao, akapoteza haki ya ukimbizi. Ndiyo maana Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, katika kifungu cha 28, uliziagiza nchi zinazowahifadhi wakimbizi ziwape hati ya kusafiria. Wazo hilo halikuwa geni: tangu mwaka 1922 hati za Nansen, zilizopewa jina la Fridtjof Nansen wa Norway, ziliwawezesha wakimbizi kutoka Urusi kuvuka mipaka.

Hata hivyo, hati si viza. Mkataba wa 1951 haukuzilazimisha nchi nyingine kumpokea mwenye hati hiyo. Baraza la Ulaya lilitaka kuliziba pengo hilo kwa mapatano ya Strasbourg ya tarehe 20 Aprili 1959. Kwa mapatano hayo, mkimbizi anayekaa kihalali katika nchi mwanachama aliweza kuizuru nchi nyingine mwanachama bila viza, kwa muda usiozidi miezi mitatu, mradi haendi kutafuta kazi.

Mapatano hayo yaliacha nafasi moja. Nchi yaweza kuyasimamisha kwa muda kwa ajili ya usalama, utulivu au afya ya umma. Ufaransa ilifanya hivyo mwaka 1986, Uingereza mwaka 2003, na Ireland mwaka 2022. Sisi twauliza: je, hatua ya Uingereza, iliyokwisha kupita miaka ishirini, bado ni ya muda?

Matokeo yake yanaonekana katika familia. Mkimbizi wa Kikongo aliyepewa hifadhi Ubelgiji, akiwa na hati yake pamoja na kibali halali cha ukaazi, aweza kwenda Ujerumani au Italia bila viza, kwa siku 90 katika kila siku 180, kwa kuwa nchi hizo zimo katika eneo la Schengen. Lakini dada yake akifiwa London, hana budi kuomba viza kwanza, kulipa ada na kungoja. Msiba haungoji. Jirani yake mwenye pasipoti ya Ubelgiji hupita bila viza. Hali kadhalika mkimbizi anayeishi Kenya, Uganda au Tanzania, hata akiwa na hati, hawezi kuingia eneo la Schengen bila viza. Ada ya mtu mzima tangu Juni 2024 ni euro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa.

Hatukatai kwamba serikali zina wajibu wa kulinda mipaka. Ireland ilieleza kuwa watu waliokwisha kupewa hifadhi kwingineko Ulaya walikuwa wakiomba hifadhi tena kwake. Ni hoja ya kusikilizwa. Lakini anayevunja sheria ashughulikiwe yeye binafsi. Si haki kuwatia wote katika shaka kwa makosa ya wachache. Mwenye hati hii si mtu asiyejulikana. Amekwisha kuhojiwa, ameandikishwa, na nchi iliyompa hati imeahidi kumpokea tena maadamu hati hiyo ni halali. Kumdai viza huyo, huku jirani yake raia akiachwa apite, ni kumwadhibu mara ya pili kwa kosa la waliomfukuza kwao.

Kwa hiyo twazisihi nchi zilizosimamisha mapatano ya 1959 ziyapitie upya maamuzi yao na kuyarudisha. Wakati huohuo, balozi zao zitoe majibu ya haraka kwa wenye msiba na wagonjwa, na kila anayekataliwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa.

Nanyi ndugu mnaoishi na wakimbizi jirani, wasaidieni kabla hawajanunua tikiti. Someni pamoja tarehe za mwisho za hati na za kibali cha ukaazi, kwani hati peke yake haitoshi. Ulizeni ubalozi wa nchi wanayokwenda na wa kila nchi watakayopitia. Mtu aliyerudishwa uwanjani hupoteza fedha, na huenda asiwahi kumzika nduguye. Hati iliyotolewa ili impe mtu heshima ya kusafiri isigeuzwe kuwa alama ya kumtenga.