Mshubiri na Kopo la Rangi
Jumatatu, masika yalipotulia kidogo, nilipita kwa muuza maua wa barabarani hapa Dar es Salaam, nikamkuta akishindilia udongo mweusi wenye samadi ndani ya kopo la rangi lisilo na tundu, kisha akaotesha mshubiri. “Huu una rutuba, mama,” akanihakikishia. Sikubisha, nami nimeshaua mitatu kwa mapenzi ya namna hiyo hiyo. Mmea unaoweka akiba ya maji ndani ya majani yake haupendi kulala topeni, hasa huku pwani ambako hata chumvi ya mezani hulowa yenyewe. Siku hizi nachanganya sehemu moja ya udongo na mbili za mchanga wa mto wenye chembe kubwa (wa baharini una chumvi), naongeza chenga za mkaa na vipande vya matofali ya kuchoma, vyote ndani ya chungu kilichotobolewa chini. Maji yapite kama mgeni mwenye haraka. Wema usio na pa kutokea huoza: anayeotesha mshubiri kwenye kopo lililozibwa anauchimbia kaburi, hata kama kaburi lenyewe lina rutuba.