Gharama fiche ya kuhama kampuni ya setilaiti yamwelemea mtazamaji wa Kyuso

KUHAMA kampuni moja ya runinga ya setilaiti na kujiunga na nyingine ni jambo jepesi katika matangazo ya biashara. Mteja huambiwa kwamba ada imeshuka, stesheni zimeongezeka na king'amuzi kipya kinauzwa kwa bei ya kutupa. Asichoambiwa ni kwamba kile cha zamani, alichokinunua kwa pesa zake mwenyewe, kitageuka kuwa sanduku bure siku iyo hiyo.

Mjini Kyuso, katika eneobunge la Mwingi Kaskazini, Kaunti ya Kitui, suala hili lina uzito ambao huenda mkazi wa Nairobi asiutambue. Wa Nairobi akichoshwa na kampuni fulani, ana nyaya za intaneti zilizofika hadi mlangoni na minara ya runinga iliyo karibu. Kaskazini mwa Kitui makazi yametawanyika, ardhi ni kame, na vilima kama vile vya Mumoni vimesimama baina ya vijiji. Mawimbi ya dijitali yanayorushwa kutoka minara ya ardhini huzuiwa na vilima. Aliye nyuma ya kilima, au mbali na mnara, hupata picha inayokatikakatika au asipate kitu. Kwa mtu huyo sahani iliyo juu ya paa si anasa, bali ndiyo njia ya kuona taarifa ya habari ya saa moja jioni.

Sahani yenyewe yaweza kueleza mengi kuhusu ugumu wa kuhama. Setilaiti za runinga hukaa juu ya ikweta, umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini. Kyuso iko kusini kidogo tu mwa ikweta, karibu na nyuzi 38 mashariki. DStv hutumia setilaiti iliyo katika nyuzi 36 mashariki, yaani karibu kabisa na utosi wa mkazi wa Kyuso. Azam TV ya Tanzania, ambayo pia huuza ving'amuzi vyake nchini Kenya, hutumia setilaiti iliyo katika nyuzi 7 mashariki. Anayetoka kampuni ile na kuingia hii hana budi kuigeuza sahani ielekee magharibi na kuiinamisha hadi itazame kidogo tu juu ya nusu ya anga. Sahani moja ya kawaida haiwezi kutazama kote kuwili pasipo vifaa vya ziada.

Kwa hivyo safari ya kuhama huanza kwa kumwita fundi. Asipopatikana karibu, huitwa kutoka Mwingi, na nauli yake huwa juu ya mwenye nyumba.

Hata hivyo, hiyo ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Fundi stadi huigeuza sahani kwa muda mfupi. Kisichogeuzika ni king'amuzi. Kila kampuni hufunga picha zake kwa ufunguo wake, na kifaa inachouza kimeundwa kuutambua ufunguo huo pekee. Hakuna kanuni yoyote ya maumbile inayolazimisha iwe hivyo. Ni uamuzi wa kibiashara, na lengo lake halihitaji mwanasheria kulifafanua: mteja aliyekwisha kununua kifaa kisichofaa kwingine atafikiri mara mbili kabla ya kuondoka, hata ada ikipandishwa.

Wakenya waliupata mfano mchungu wa jambo hili mnamo 2009.

Mwaka wa 2007, kampuni ya Gateway Broadcast Services yenye makao yake Uingereza iliingia katika soko la Afrika kwa jina la GTV. Ilikuwa imenyakua haki za kuonyesha asilimia 80 ya mechi za moja kwa moja za Ligi Kuu ya Uingereza katika nchi za kusini mwa Sahara, kwa misimu mitatu. Kabla ya hapo, mwenye kutaka kuzitazama mechi hizo nchini Kenya hakuwa na pa kwenda isipokuwa DStv, ambayo ada yake ilikuwa juu ya uwezo wa familia nyingi. GTV ilikuja na ada nafuu, na mashabiki wengi wakahama. Wenye mabaa na mabanda ya video katika vituo vya biashara hawakuwa na hiari, kwani kwao mechi zikienda, wateja nao huenda. Ilisemekana wakati huo kwamba hatimaye ukiritimba umevunjwa.

Haukuvunjwa. Ijumaa, Januari 30, 2009, GTV ilizima mitambo yake na kutangaza kufilisika, huku ikilaumu msukosuko wa kifedha uliokuwa ukiitikisa dunia. Ilikuwa na wateja zaidi ya 100,000 katika mataifa kadhaa ya Afrika. Siku mbili baadaye Liverpool na Chelsea zilikutana ugani Anfield, Fernando Torres akafunga mabao mawili katika dakika za mwisho, na aliyekuwa amelipia GTV akabaki kukodolea kioo cheusi.

Ikumbukwe kwamba mwezi huo huo Rais Mwai Kibaki alikuwa ameitangaza njaa kuwa janga la kitaifa, na Ukambani ni miongoni mwa sehemu ambazo ukame huumiza mapema. Katika majira kama hayo bei ya mbuzi huporomoka na ya mahindi hupaa. Pesa za ada zilizolipwa kabla, pamoja na bei ya king'amuzi na sahani, si hasara ya kupuuzwa na familia iliyo katika hali hiyo.

Ni nani aliyefidiwa? Katika sheria za ufilisi, mteja aliyelipa kabla ya kupata huduma husimama mkiani mwa foleni. Mbele yake kuna wenye dhamana, watoza kodi na wafanyakazi. Kufikia zamu yake, kwa kawaida chungu kimekwisha kukombwa. Ving'amuzi vya GTV havikuweza kupokea matangazo ya kampuni nyingine yoyote ya kulipia, na mtazamaji aliyetaka kumaliza msimu alilazimika kurudi alikotoka, akinunua kifaa upya. Ushindani uliokuja kumpunguzia gharama ulimwacha akiwa amelipa mara mbili.

Tangu wakati huo wauzaji wameongezeka. Zuku ya Wananchi Group iliingia, StarTimes kutoka China ikafuata, kisha Azam. Lakini kila mmoja alikuja na sanduku lake. Idadi ya kampuni iliongezeka bila kuongeza hata kidogo uhuru wa kutoka moja hadi nyingine, na ni ajabu kwamba wasimamizi wa sekta hii walikuwa wakiihesabu ile ya kwanza kana kwamba ndiyo ya pili.

Kuna wakati ambapo uchaguzi wenyewe haukuwa mikononi mwa mtazamaji. Mnamo Desemba 2015, katika kongamano la China na Afrika jijini Johannesburg, Rais Xi Jinping aliahidi kupeleka runinga ya setilaiti katika vijiji 10,000 barani. Nchini Kenya mpango huo ulitekelezwa na StarTimes katika vijiji 800 na kufikia familia 16,000. Kwa waliokuwa hawana kitu, huo ulikuwa msaada wa kweli, na haitakuwa haki kuubeza. Ila kifaa kilichotolewa ni cha kampuni moja, na anayetaka stesheni zaidi ya zile za msaada huzilipia kwa kampuni hiyo. Anayetaka kuhama huanza upya kama jirani yake ambaye hakupewa chochote.

Suala la habari ndilo zito zaidi. Mechi ya Arsenal inaweza kusubiri, lakini tangazo la tahadhari ya mafuriko au la matokeo ya uchaguzi halisubiri. Kenya ilionja hali hii Februari 14, 2015, wakati Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima mitambo ya analojia, na stesheni za Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani hadi mapema Machi kutokana na mvutano kuhusu nani atarusha mawimbi ya dijitali na kwa masharti gani. Awali, Septemba 29, 2014, Mahakama ya Juu ilikuwa imekataa dai la vyombo hivyo kwamba hakimiliki yao ilikiukwa kwa matangazo yao kubebwa katika ving'amuzi vya StarTimes na GOtv. Mjadala wote ulikuwa juu ya haki za wenye stesheni na wenye mitambo. Mtazamaji, ambaye ndiye anayegharimia king'amuzi, alitajwa kama mtu wa pembeni.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya huduma zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili afaidi huduma hizo, ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi na fidia anapopata hasara. Zipo pia kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zilizotolewa mwaka uo huo wa 2010. Msingi wa kisheria upo. Linalokosekana ni sharti linalougusa ufunguo ulio ndani ya king'amuzi.

Mfano wa kuiga hauko mbali. Tangu Aprili 1, 2011, Mkenya anaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na nambari yake. Ni kweli kwamba waliotumia nafasi hiyo ni wachache kuliko ilivyotarajiwa. Lakini hata mbali na nambari, mteja wa simu hakuwahi kulazimika kutupa simu yake kila anapobadilisha laini. Hutoa kadi, hutia nyingine, na mambo yakaendelea. Kwa nini kadi ya runinga iwe tofauti?

Muungano wa Ulaya uliliona hili mapema. Maagizo yake ya 2002 yalidai kwamba runinga za dijitali zenye kioo kipana kuliko sentimita 30 ziwe na tundu la wazi, ambamo mteja anaweza kuchomeka kifaa cha kufungulia matangazo ya kampuni aitakayo. Nchini India, yenye mamilioni ya sahani vijijini, msimamizi wa mawasiliano alipendekeza mnamo Aprili 2020 kwamba ving'amuzi vyote viweze kutumiwa na kampuni zaidi ya moja. Kampuni za huko zilipinga, na hoja zao ndizo zile zile zitakazosikika Nairobi suala hili likiletwa mezani.

Hoja hizo si za kupuuzwa zote. Ya kwanza ni kwamba king'amuzi mara nyingi huuzwa chini ya gharama yake, na kampuni hutarajia kuifidia hasara hiyo kupitia ada za miezi ijayo. Mteja akichukua kifaa na kuhama nacho, mpinzani atavuna asichopanda. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini ina jibu pia: kampuni na iweke wazi ni kiasi gani imemlipia mteja na kwa miezi mingapi, na akishakamilisha muda huo kifaa kiwe chake kikamilifu. Wauzaji wa mitambo ya sola na simu kwa mkopo wamekuwa wakifanya hivyo vijijini kwa miaka mingi, na malipo yakiisha mnunuzi hubaki na mali yake. Hoja ya pili, kwamba ufunguo wa wazi utawapa mwanya wezi wa matangazo, inapungua nguvu kila mwaka, kwani wizi mkubwa siku hizi hupitia intaneti bila kuhitaji sahani wala kadi.

Na intaneti ndiyo inayozibana kampuni hizi kwa sasa. Katika mwaka wa kifedha uliokamilika Machi 2025, MultiChoice, wamiliki wa DStv na GOtv, walipoteza wateja milioni 1.2 barani na kubakiwa na milioni 14.5. Septemba 22, 2025, Canal+ ya Ufaransa ilichukua usukani wa kampuni hiyo. Mijini, mtazamaji anayeondoka huhamia kwenye simu. Kwa mwenye kununua data kidogo kidogo, dakika 90 za mechi ni gharama kubwa, hivyo wengi wa wanaokaa mbali na nyaya watabaki na sahani kwa muda mrefu kuliko wenzao. Watakuwa wateja wa kudumu wa biashara ambayo matajiri wake wanaikimbia, na historia ya biashara za namna hiyo haionyeshi kwamba anayebaki mwisho hutozwa kidogo.

Canal+ ilikuwa tayari na mitambo na ving'amuzi vyake katika mataifa ya Afrika yanayozungumza Kifaransa kabla ya kuinunua MultiChoice. Kampuni mbili zinapoungana, wahasibu hutafuta mahali pa kuokoa gharama, na kuwa na mifumo miwili ya kufunga picha ni gharama. Iwapo siku moja itaamuliwa mfumo mmoja utumike, au setilaiti ibadilishwe, kadi, kifaa na pengine uelekeo wa sahani vitabidi kubadilika, hata kwa mteja ambaye hakuomba kuhama popote.

Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kuliandika suala hilo katika masharti ya leseni sasa, likiwa bado ni la kwenye karatasi: mabadiliko yoyote ya kiufundi yanayoanzishwa na kampuni yagharimiwe na kampuni, kuanzia kadi na king'amuzi hadi nauli ya fundi wa kupanda juu ya paa Kyuso, na ada zilizolipwa kabla ziwekwe katika akaunti ya pembeni ambayo wadai hawawezi kuigusa endapo kampuni itafilisika. Kama sharti hilo la pili lingekuwapo Januari 2009, waliokuwa wamelipia GTV mwezi wa Februari wangerudishiwa pesa zao.