Kero za Asubuhi Zisimwangukie Mwananchi

Mtumishi wa umma huianza siku kwa mitihani midogo midogo: basi limejaa, mvua imenyesha, na afikapo ofisini umeme umekatika. Wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2023 hali hiyo ilizoeleka nchini. Si kosa lake. Lakini mkulima aliyetembea tangu alfajiri kufuata hati yake naye hana kosa; kumfokea "njoo kesho" ni kumtwisha mzigo usio wake.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau. Haukusema kuwa dharau ni halali umeme ukikatika. Mwalimu aliyeishiwa chaki hufundisha kwa mdomo, na wanafunzi hutoka na somo. Karani naye aweza kuyapokea maombi kwa kalamu na karatasi, akataja siku ya kufuata jibu.

Uchangamfu huo si kufumbia macho kasoro. Kasoro zisemwe vikaoni, mbele ya wenye dhamana ya kuziondoa. Dirishani, mwananchi apewe huduma na kauli njema. Hasira hasara, na hasara hiyo hulipwa na umma.